Namna ya kuhakiki mshahara wa kiwandani na kudai kilichopunjwa

Mwongozo huu unamhusu mfanyakazi wa kiwanda Tanzania Bara, awe ameajiriwa kwa mwezi au anaitwa kibarua, ambaye anashuku kwamba anacholipwa hakilingani na kazi anayoifanya. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, na taratibu zake ni nyingine.

Anza na kima cha chini. Serikali hukipanga kisekta kwa Amri ya Mshahara inayotolewa chini ya Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004. Kwa viwanda na biashara kilikuwa shilingi 115,000 kwa mwezi katika amri ya mwaka 2013, kikapanda hadi 150,000 kuanzia tarehe 1 Januari 2023, na amri mpya ikatolewa mwaka 2025. Omba nakala ya amri inayotumika sasa katika ofisi ya kazi ya mkoa wako au tawi la TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, kiwandani, kisha tazama sekta ambayo kiwanda chako kimewekwa. Usikubali kuambiwa kwamba mwekezaji amesamehewa masharti haya kwa sababu amepewa nafuu ya kodi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inawaacha nje wanajeshi, polisi, magereza na Jeshi la Kujenga Taifa tu, na nafuu ya kodi haimpi mtu yeyote ruhusa ya kupunguza ujira.

Hata hivyo, upunjaji mkubwa hauko kwenye kima cha chini. Uko kwenye saa. Ili kujua thamani ya saa yako moja, chukua mshahara wa msingi wa mwezi na uugawe kwa 195, ambazo ni saa 45 za wiki mara 4.333. Mwenye mshahara wa 390,000 ana shilingi 2,000 kwa saa. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, yaani 3,000. Kazi ya siku ya mapumziko au ya sikukuu hulipwa mara mbili, yaani 4,000. Na kila saa iliyoangukia kati ya saa 2:00 usiku na saa 12:00 asubuhi huongezewa asilimia 5 ya mshahara wa msingi, yaani shilingi 100.

Sasa tazama zamu ya saa 12 kwa siku sita, ambayo wengi wameizoea mpaka wanaiona kuwa ndiyo kazi yenyewe. Ukitoa saa moja ya chakula kila siku, zinabaki saa 66 kwa wiki, na 21 kati ya hizo ni za ziada. Kwa mfano wetu, hizo ni shilingi 63,000 kila wiki. Isitoshe, saa 84 za ziada katika wiki nne zinavuka kikomo cha 50 kilichowekwa na sheria. Na ukitakiwa kubaki kwenye mashine wakati wa chakula, saa hiyo nayo unastahili kulipwa.

Kwa hiyo nunua daftari dogo na uandike kila siku saa ya kuingia, saa ya kutoka, na jina la msimamizi wa zamu. Nilipokuwa kibarua katika kiwanda kimoja cha nguo, nilisaini karatasi ya malipo kila Jumamosi bila kubaki na nakala hata moja, na siku ya kudai sikuwa na cha kuonyesha isipokuwa maneno yangu. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu sikulipwa.

Mwajiri anawajibika kukupa maelezo ya ajira kwa maandishi pamoja na hati ya mshahara inayoonyesha makato. Ikiwa hakukupa mkataba wala maelezo hayo, usikate tamaa: shauri likifika mbele, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti la ajira linalobishaniwa ni wake.

Katika makato, mchango wako wa NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, hauzidi asilimia 10, na kodi haianzi mpaka kipato kivuke 270,000. Katika mwezi usio na saa za ziada, mwenye 390,000 hukatwa 39,000 za NSSF, kisha asilimia 8 ya zile 81,000 zilizozidi, yaani 6,480, na kubaki na 344,520. Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ni wa mwajiri peke yake. Kitambaa kilichoharibika hakikatwi kiholela kwenye mshahara: ni lazima upewe nafasi ya kujieleza kwanza, na makato hayo hayawezi kuzidi robo ya ujira wako.

Hesabu ikikamilika, iwasilishe kwa ofisi ya utumishi kwa barua na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Usisubiri majibu bila kikomo, kwani dai la mshahara linatakiwa kufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea, na la kuachishwa kazi ndani ya siku 30. Utajaza Fomu Na. 1, umkabidhi mwajiri nakala, kisha uipeleke katika ofisi ya Tume ukiwa na uthibitisho kwamba ameipokea. Hakuna ada. Muda ukiwa umepita, unaweza kuomba uongezewe kwa kueleza sababu za kuchelewa.

Shauri huanza kwa usuluhishi, na usuluhishi ukishindikana huenda kwenye uamuzi, ambao hukaziwa kama hukumu ya mahakama. Mashauri mengi ya mshahara yanaweza kumalizika katika hatua ile ya kwanza, mezani, pale mwajiri anapoweka mbele yako kiasi fulani na karatasi ya kusaini. Linganisha kiasi hicho na daftari lako kabla ya kugusa kalamu, na ukikuta mstari unaosema kwamba huna dai lingine lolote, mwombe msuluhishi akufafanulie unaachia nini.