Kupanga kiwango salama cha sauti unapounganisha risiva na amplifaya ya nje

Namba ya sauti inayoonekana kwenye kioo cha risiva, yaani kifaa cha muziki na sinema cha nyumbani chenye amplifaya yake ndani, haipimi nguvu inayofika kwenye spika. Nguvu hiyo hutegemea pia amplifaya inayopokea mawimbi, na ndiyo maana mtu aliyezoea kusikiliza kwenye -25 anaweza kukuta namba hiyohiyo imekuwa kali mno baada ya kuongeza amplifaya ya nje.

Amplifaya yenye ukuzaji wa desibeli 29 huzidisha volti inayoipokea takriban mara 28. Volti 1 ikitoka kwenye risiva, spika hupata volti 28, ambazo kwa spika ya omu 8 ni karibu wati 100. Amplifaya ya desibeli 26 huzidisha mara 20 tu, na volti hiyohiyo huzaa wati 50. Desibeli 3 ni tofauti ambayo sikio haliioni kubwa, lakini kwa spika ni nguvu maradufu.

Zima vifaa vyote na uchomoe plagi ukutani. Unganisha matundu ya risiva yaliyoandikwa PRE OUT na matundu ya kuingizia sauti ya amplifaya, kisha hamishia nyaya za spika za mbele kwenye amplifaya. Hapa naomba umakini mkubwa: matundu ya kurekodia yanafanana na hayo kwa umbo, lakini sauti yake haipiti kwenye kidhibiti cha risiva, kwa hiyo ukiyachanganya, amplifaya itapokea mawimbi yote hata kama umeshusha sauti hadi mwisho. Nimeshuhudia twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ikiungua kwa kosa hilo kabla mwenyewe hajaifikia swichi, kwani koili yake husukwa kwa waya mwembamba kama unywele.

Kama amplifaya ina vidhibiti vya ukuzaji, virudishe chini kabisa. Washa risiva kwanza, shusha sauti, subiri itulie, ndipo uwashe amplifaya. Wakati wa kuzima, amplifaya itangulie, ili mshindo ambao risiva huutoa inapozimwa usifike kwenye spika.

Sasa piga wimbo unaoujua vizuri, pandisha risiva hadi namba ya juu kabisa utakayoihitaji nyumbani, kisha fungua ukuzaji wa amplifaya polepole. Sauti ikianza kukwaruza, hasa kwenye matoazi na herufi s, amplifaya imefika ukomo na ncha za mawimbi zinakatwa. Rudi nyuma mara moja. Isiyo na vidhibiti ipandishwe kwa risiva peke yake, hatua kwa hatua. Baada ya hapo rudia upimaji wa spika kwa maikrofoni ya risiva, maana spika za mbele zitakuwa zimezizidi nyingine.

Malizia kwenye mipangilio ya risiva: weka sauti ya kuanzia iwe ndogo, na kikomo cha juu kiwe desibeli chache chini ya pale ulipoanza kusikia mkwaruzo. Mtoto akiikalia rimoti, sauti itapanda hadi hapo na kusimama.