Namna ya Kuwalisha Bakteria wa Utumbo Mpana Wasiohitaji Oksijeni

Katika utumbo mpana wanaishi bakteria wengi ajabu, na sehemu kubwa kabisa kati yao ni wale wasiostahimili oksijeni. Baadhi yao, kama vile Faecalibacterium prausnitzii, huchachusha mabaki ya chakula ambayo utumbo mwembamba umeshindwa kuyameng'enya, na hatimaye hutengenezwa asidi iitwayo butireti. Seli za ukuta wa utumbo mpana hupata takriban asilimia 70 ya nishati yao kutokana na butireti, na zinapoiunguza hutumia oksijeni iletwayo na damu, kiasi kwamba ni kidogo sana inayovuja kuingia ndani. Butireti ikipungua, oksijeni hupenya, na vijidudu vinavyoimudu, kama Salmonella, hupata mwanya wa kuzaliana.

Ili kuwalisha bakteria hawa, anza na unga. Ugali wa dona una pumba na kiini cha mahindi, vitu ambavyo sembe imekwisha kunyang'anywa kinuni au mashineni. Pamoja na dona, pika maharage, kunde au mbaazi mara nyingi uwezavyo: loweka maharage usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha yachemshe kwa maji mapya hadi yaive sawasawa, kwa kuwa baadhi ya sukari zinazoleta gesi huondoka na maji ya kulowekea. Ikiwa hukuzoea vyakula hivi, ongeza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa huku ukinywa maji ya kutosha, maana anayeanza kwa bakuli zima hujaa tumbo na kukata tamaa mapema.

Kiporo nacho kina faida isiyosemwa sana. Wali au viazi vilivyochemshwa vikipoa, sehemu ya wanga wake hujipanga upya na kuwa vigumu kumeng'enywa, na hata ukivipasha moto kiasi fulani cha wanga huo hubaki na kufika utumbo mpana. Hata hivyo, usiache sufuria ya wali mezani hadi asubuhi, kwani bakteria aitwaye Bacillus cereus anaweza kutoa humo sumu isiyoharibiwa na kupashwa moto. Tandaza wali upoe haraka, na uuweke kwenye jokofu kabla ya muda wa saa mbili kupita tangu uive.

Mtindi ni chakula kizuri, lakini bakteria wake si hawa tunaowazungumzia, kwa hiyo usiufanye mbadala wa maharage. Vidonge vya bakteria vinavyouzwa kwa bei ghali sioni sababu ya mtu mwenye afya kuvinunua.

Jambo la mwisho ni antibayotiki, ambazo huua na wasiohusika. Zitumie kwa maelekezo ya daktari tu, wala usimeze zilizobaki za mgonjwa mwingine. Ukiharisha sana wakati wa dozi au wiki chache baadaye, hasa ukiwa na homa au damu kwenye choo, rudi hospitali bila kujinunulia dawa ya kufunga tumbo, kwa sababu huenda bakteria wa kuharisha aitwaye Clostridioides difficile amechukua nafasi iliyoachwa wazi.