Namba ya chembe ikichapishwa, ihoji hivi

Aprili 2022 kundi la CDF la maabara ya Fermilab, Marekani, lilitangaza kuwa tungamo la bosoni W, chembe inayobeba kani dhaifu ya nyuklia, ni MeV 80,433.5 (MeV ni kipimo cha tungamo la chembe), na kiasi cha shaka, juu au chini, ni 9.4. Nadharia, yaani Modeli Sanifu, inatabiri karibu 80,357, shaka 6. Kikokotoo cha simu kinatosha kuanzia.

Toa ndogo kwenye kubwa: 76.5. Zidisha kila shaka kwa yenyewe, jumlisha, kisha tafuta kipeuo cha pili: 11.2. Ukigawanya 76.5 kwa 11.2 unapata karibu sigma 7, yaani tofauti ni karibu mara 7 ya shaka, na wanafizikia hutaja ugunduzi kuanzia 5. Usishangilie bado. Sigma hizo zina maana pale tu shaka zenyewe zilipokadiriwa sawasawa.

Kwa hiyo zitenganishe. Kwa CDF, 6.4 ni ya kitakwimu na 6.9 ya kimfumo. Ya kwanza hupungua data zikiongezeka. Ya pili hutokana na vifaa na nadharia: usahihishaji wa kigunduzi, au jinsi kwaki, chembe zinazounda protoni, zinavyogawana mwendo ndani ya protoni. Kurundika data hakuiondoi. Mwaka 2011 jaribio la OPERA liliona neutrino, chembe nyepesi zisizo na chaji, zikiwahi mwanga kwa nanosekunde 60 hivi katika safari ya kilomita 730 kutoka maabara ya CERN, Uswisi, hadi Gran Sasso, Italia, kwa sigma 6. Chanzo kikuu kilikuwa kebo ya nyuzi za mwanga isiyokazwa vizuri. Takwimu haioni kebo. Soma jedwali la vyanzo vya shaka mstari kwa mstari, na kwa kila mstari uliza: hiki kilihakikiwa kwa kitu gani kingine? CDF walisahihisha kipimo cha mwendo kwa chembe za J/psi na Upsilon, kisha wakakijaribu kwa tungamo la bosoni Z linalojulikana. Huo ni uhakiki wa maana.

Kisha tafuta kipimo huru. Kundi la CMS la CERN mwaka 2024 lilipata 80,360.2, shaka 9.9. Rudia hesabu: tofauti na CDF ni sigma 5.4 hivi. Hapo usichukue wastani, maana mmoja ana shaka asiyoihesabu. Tena, hesabu hii ni ya makadirio: vipimo vikitumia modeli ileile ya protoni, shaka zao si huru kabisa.

Kama ni kilima kipya kwenye grafu, yaani dalili ya chembe mpya, uliza waliangalia sehemu ngapi. Kile cha GeV 750 (GeV moja ni MeV 1,000), Desemba 2015, kilikuwa zaidi ya sigma 3.5 mahali pake kwa ATLAS, kundi jingine la CERN, lakini karibu 2 tu ukihesabu upana wote uliochunguzwa. Agosti 2016 kilikuwa kimetoweka.

Mwisho, angalia kama jibu lilifichwa kwa watafiti mpaka uchambuzi ulipokamilika, na kama majedwali ya data yamewekwa HEPData, hazina ya mtandaoni ya data za fizikia ya chembe, ili uyapakue na kurudia hesabu mwenyewe.