Unakwenda kusomea udaktari nje na unataka kurudi kufanya kazi Zanzibar? Anza na karatasi

Wadogo zetu mliomaliza fom siksi na PCB zenu (Fizikia, Kemia, Baiolojia) nzuri, naona kila mmoja ana ajenti wake, huyu China, yule Urusi, mwengine Uturuki. Nendeni, ila njia ya kurudi itengeneze kabla hujapanda boti.

Kwanza hili mana ndo linalowachanganya wengi: elimu ya juu ni jambo la Muungano, afya si la Muungano. Kwa hivo cheti chako cha nje kinatambuliwa na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, lakini ruhusa ya kutibu watu Unguja na Pemba unaiomba Baraza la Madaktari la huku kwetu, na ukitaka kwenda kufanya kazi Bara wana lao, Baraza la Madaktari Tanganyika.

Chuo usichaguliwe na ajenti, yeye anakula kamisheni yake basi. Kitafute mwenyewe kwenye World Directory of Medical Schools, orodha ya vyuo vya udaktari vya dunia nzima iliyoko mtandaoni, halafu waulize TCU na baraza kwa maandishi kabla hujalipa hata shilingi, na jibu ulihifadhi. Kwa China si kila chuo kinaruhusiwa na wizara yao kuchukua wageni kwa MBBS (digrii ya udaktari) ya Kiingereza. Na hata kama darasani ni Kiingereza, mgonjwa wodini anazungumza Kichina, lugha usipoisoma utakuwa wa kusimama nyuma ya profesa unatikisa kichwa tu.

Likizo usiimalize yote Forodhani. Omba barua chuoni kwako, nenda hospitali ya Mnazi Mmoja, na kama kwenu Pemba nenda ya Abdulla Mzee pale Mkoani, uombe kukaa wodini. Kichocho huko utakiona kwenye slaidi, huku mtoto anakuja na mama yake anasema anakojoa damu. Na bibi akikwambia "roho inanichafuka, na huku ubavuni kunanichoma", unatakiwa ujue swali la pili la kumuuliza, kwa Kiswahili, bila ya kutafuta maneno.

Kila mwisho wa mwaka chukua transkripti yenye muhuri, logibuku, lile daftari la kazi ulizofanya wodini, isainiwe siku unayomaliza wodi, vyote viskani uweke pahala pawili. Sitii chumvi jamani, waulizeni waliokuwa wanasoma Khartoum, Sudan, vita vilipoanza Aprili 2023. Vyeti vya Kichina au Kirusi vitafsiriwe na vipite notari na ubalozi wetu ukiwa bado kule kule, ukisharudi utamtuma nani Moscow?

Ukifika ni TCU, halafu baraza, halafu intanshipu mwaka mmoja chini ya madaktari wakubwa, ndo usajili kamili. Ile uliyofanya kule mwaka wa mwisho usiitegemee. Weka na pesa ya kusubiri nafasi, na wazee waambie mapema, mana wao wanajua mtoto karudi dokta, mwezi ujao ana mshahara.