Damu ikimwagika wodini: kuisafisha hatua kwa hatua

Mimi ni muuguzi hapa Nairobi, miaka mingi nikiwa wodi ya wazazi. Kosa ninaloliona sana si kukosa glavu, ni haraka. Mtu anamwaga klorini juu ya damu, anapitisha mopu papo hapo, sakafu inang'aa, anaenda zake.

Hatua ya 1. Ziba njia kwa kiti au kibao cha onyo. Vaa aproni ya plastiki, viatu vya kufunika vidole na glavu nzito za usafi. Zile nyembamba za kupimia wagonjwa huchanika upesi.

Hatua ya 2. Tafuta chenye ncha: sindano, ampuli iliyovunjika, wembe. Okota kwa koleo, kamwe si kwa vidole, utie kwenye kisanduku cha sindano. Kikijaa robo tatu, kifunge.

Hatua ya 3. Fyonza damu kwanza. Ifunike kwa karatasi au matambara, kusanya kutoka pembeni kuja katikati, tia kwenye mfuko wa taka za maambukizi. Kisha osha kwa maji ya sabuni na usuuze. Ukirukia klorini moja kwa moja, damu itaimaliza nguvu kabla haijawafikia vijidudu.

Hatua ya 4. Tayarisha klorini ya asilimia 0.5. Hapa ndipo wengi hubahatisha. Soma kibandiko cha chupa, gawanya asilimia yake kwa 0.5, kisha toa 1. Jibu ni sehemu za maji kwa sehemu moja ya dawa. Jik ya asilimia 3.5 inakupa 7, toa 1, zinabaki 6: kikombe kimoja cha Jik kwa vikombe sita vya maji. Na kikombe kiwe kilekile! Nimeshuhudia dawa ikipimwa kwa kifuniko na maji kwa jagi.

Tumia maji baridi. Usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi, maana hutoka gesi ya sumu. Andika tarehe kwenye ndoo, ifunike, na kesho yake uimwage. Najua siku za mgao wa maji roho inauma kumwaga ndoo nzima, lakini cha kuweka akiba kwenye mtungi ni maji, si klorini ya jana.

Hatua ya 5. Mwagia taratibu, usipulizie, halafu subiri dakika 10 sakafu ikiwa imelowa. Usiku mmoja nilitaka kukatiza hapo nikimkimbilia mama aliyeanza kusukuma. Mwanafunzi akanizuia kwa mkono: "Sista, bado dakika nne." Nilizunguka upande wa pili nikinung'unika. Siku hizi nategesha saa ya simu.

Hatua ya 6. Suuza, loweka mopu kwenye klorini, kisha uianike juani. Vua glavu, nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 40 hadi 60. Klorini ya ndoo si ya kunawia.

Ukichomwa na sindano, usikamue kidole. Osha kwa sabuni na maji, mwambie msimamizi wa zamu, uulizie na chanjo yako ya homa ya ini aina ya B. Dawa za kuzuia VVU, PEP, huanzwa mapema iwezekanavyo, zisipite saa 72, na humezwa siku 28. Usingoje zamu iishe.