Dantela, wavu wa vitunguu na jani la papai: vigezo vya bure vya brashi ya hewa

Kigezo cha kuchorea kwa brashi ya hewa (kifaa kidogo kinachopuliza rangi), yaani kitu cha kuzuia rangi ili umbo litokee, si lazima kinunuliwe. Katika nyumba au karakana yoyote ya Goma hapakosi kipande cha dantela (kitambaa cha lesi), wavu wa vitunguu, kitana cha plastiki, rondela (washa ya boliti) au cheni kuukuu ya piki. Michoro imo tayari ndani yake. Kazi yako ni kuamua kitu kikae umbali gani na uso unaopakwa. Kikigusa kabisa, ukingo unatoka mkali. Kikiinuka milimita 5, ukingo unafifia. Kikifika sentimita 2, kinachobaki ni kivuli tu. Makosa mengi ya vigezo huanzia kwenye nafasi hiyo: mtu anataka mstari mkali, lakini kitu chake kimeinuka upande mmoja bila yeye kuona.

Kwa hiyo chagua kitu kwa kuangalia uso kwanza. Bango la bati, mlango wa chuma na ubao wa chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu cha kubebea mizigo, ni bapa, vinapokea vitu vigumu: kitana, rondela, kijiko chenye matundu. Tangi la piki limepinda pande zote, na hapo ni vitu vinavyolegea tu vitakavyolala vizuri. Gunia la plastiki linavutia kwa ususi wake, lakini nyuzi zimebanana mno, rangi haipenyi. Chandarua kinapitisha, ila matundu yake madogo huziba upesi. Kitumie kwa kutia mchangamko kwenye mandhari ya nyuma, si kwa umbo.

Uso usuguliwe kwa msasa namba 600 wenye maji, uondolewe mafuta, upakwe rangi ya chini, kisha uachwe ukauke kabisa. Vumbi jeusi la mawe ya volkano ndilo adui mkubwa hapa mjini: chembe moja ikinasa kwenye rangi mbichi, inakaa kama kipele. Lowesha sakafu kabla ya kuanza, na ikiwezekana fanya kazi asubuhi baada ya mvua ya usiku.

Mdomo wa brashi wa milimita 0.3 unatosha kwa rangi ya akriliki iliyolainishwa hadi itiririke kama maziwa. Anza na rangi sehemu moja na kiyeyusha rangi sehemu moja, ujaribu kwenye gazeti, uongeze au upunguze. Rangi zenye chembe za kung'aa zinataka mdomo wa 0.5. Shinikizo liwe bar 1.5; kwa wavu na majani shuka hadi bar 1, maana hewa kali huvitikisa na ukingo unatoka mara mbili. Kompresa itoe maji kila jioni kwa kufungua koki ya chini ya tangi, la sivyo matone yatatoka pamoja na rangi. Umeme ukikatika usikimbilie kuacha: tangi la lita 24 lililojaa hadi bar 8 linakupa takriban dakika 7 za kupuliza mfululizo, zinazotosha kumaliza tabaka ulilokuwa nalo.

Chukua mfano wa magamba ya samaki kwenye tangi la piki, kazi inayopendeza kuliko nyingi. Rangi ya chini iwe ya fedha au njano. Vuta wavu wa vitunguu juu ya tangi mpaka matundu yawe ya msambamba (umbo la almasi), uufunge kwa chini na mikanda ya mpira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu ya gurudumu. Pitisha kidole kote. Panapobonyea wavu unaelea, ongeza mkanda mwingine. Funika kandokando kwa magazeti sentimita 30 hivi, kwa sababu ukungu wa rangi husafiri mbali. Shika brashi ielekee uso moja kwa moja bila kuilaza, sentimita 8 hadi 10 kutoka kwenye tangi. Fungua hewa kwanza, rangi baadaye, na uanze kupuliza nje ya umbo, umalizie nje. Tabaka 3 au 4 nyepesi, kila moja ingoje dakika 1 au 2. Mgongo uupe tabaka zote, tumbo moja tu, ndipo samaki atakapoonekana wa mviringo. Ondoa wavu kwa kuuinua juu moja kwa moja kabla rangi haijakauka sana. Ukiuburuta, magamba yanafutika.

Rangi ikiingia chini ya kitu, ama umepuliza kwa kulalia ama tabaka imekuwa na maji mengi. Miguu ya buibui inayokimbia pembeni inasema rangi ni nyepesi mno, shinikizo ni kubwa au umesogea karibu mno. Futa kitu kila baada ya tabaka 2: rangi inayojikusanya ukingoni ndiyo inayodondoka.

Majani ya papai na jimbi yanatoa umbo zuri la ndani. Yakiwa mabichi hujikunja, hivyo yabane kwenye gazeti chini ya jiwe usiku mmoja. Zaidi ya hapo yanavunjika. Yashikilie na nati ndogo, au sumaku kama uso ni wa chuma.

Cheni na rondela zinaweza kupewa unene. Zilaze, puliza rangi nyeusi kuzizunguka, ziondoe. Kisha zirudishe zikiwa zimesogea milimita 3 upande mmoja na upulize nyeusi nyembamba sana. Ukanda uliokuwa umefichwa unaingia giza, na jicho linaona kitu kimeinuka.

Mvuke wa kiyeyusha rangi unashika moto, basi mbabula (jiko la makaa) iwe mbali na chumba, na madirisha yawe wazi. Kijiko au chujio lililopakwa rangi lisirudi jikoni. Vaa barakoa yenye vichujio vya mkaa. Ile ya hospitali haizuii mvuke.

Tangi la mafuta lazima limalizwe kwa vanishi yenye kigumisha, kwa sababu vanishi ya kawaida huyeyuka tone la petroli likiiangukia. Lakini kigumisha hicho kina isosianati, kemikali zinazoweza kusababisha pumu ya kudumu. Tabaka hilo la mwisho mpe fundi wa magari mwenye chumba cha kupulizia na barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba, baada ya mchoro kukauka saa 24.