Mbuyu mmoja, kona moja: namna ninavyopiga picha Dodoma

Siku za kazi nipo dukani nauza vifaa vya ujenzi. Jumamosi alfajiri natoka na kamera. Miaka ya mwanzo nilikuwa nazunguka kutwa, leo Hombolo, kesho Kondoa, narudi na picha mia tatu ambazo hata mimi sikutamani kuzitazama mara ya pili. Nilianza kupata picha nzuri nilipochagua mbuyu mmoja na kona moja ya mtaa, nikawa narudi hapohapo. Nakueleza ninavyofanya. Kama una simu tu, inatosha kuanzia.

Hatua ya 1: Chagua mahali utakapoweza kurudi

Ukitoka mjini kidogo tu, hukosi mibuyu. Tafuta uliosimama peke yake, upande wa mashariki pawe wazi. Ukiwa ndani ya shamba la mtu, piga hodi kwanza. Kwa wazee wa Kigogo, "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, hufungua mlango haraka kuliko maelezo marefu kuhusu kamera.

Kwa upande wa mtaa, tafuta kona yenye ukuta unaotupa kivuli barabarani. Yangu ipo karibu na soko la Majengo. Watu wanatoka kivulini, wanaingia kwenye jua, na mimi nasubiri pale mwanga unapokatika.

Hatua ya 2: Wahi kabla ya jua

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Dodoma ipo karibu na ikweta, kwa hiyo jua halichomozi kwa kutambaa, linapanda karibu wima. Saa moja baada ya kuchomoza limeshafika nyuzi 13 au 14 juu ya upeo. Mwanga laini unaoupaka mbuyu rangi ya asali una dakika kama 40 tu, kisha basi. Kutegemea mwezi, jua huchomoza kati ya saa 12:10 na 12:50 asubuhi. Mimi saa 11:45 nimeshafika, nimeshaweka stendi, nimeshapanga picha gizani.

Jua likiwa nyuma ya mbuyu, pima mwanga angani; mti utakuwa kivuli cheusi na matawi yake yatachoreka yote. Likishapanda kidogo, sogea pembeni mwa mti, jua lipige gome ubavuni. Gome la mbuyu lina mikunjo kama ngozi ya tembo, na mwanga wa ubavuni ndio unaoionyesha. Upimaji wa rangi (white balance) uweke kwenye alama ya jua, usiachie kamera ijiamulie, maana itajaribu kupooza wekundu wa udongo wetu, na wekundu huo ndio Dodoma yenyewe. Kamera ikiruhusu, hifadhi faili za RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaichakata.

Rudi kila msimu. Kiangazi mbuyu hauna jani, unabaki mifupa. Mvua zikianza unavaa kijani, na nchi nzima inabadilika ndani ya wiki chache. Mvua zinapokaribia, nenda jioni: maua yake meupe hufunguka jua likizama, na kesho yake yanaanza kunyauka.

Hatua ya 3: Shuka mtaani

Kufika saa 2 asubuhi niwe kwenye kona. Natumia lenzi ya milimita 35 kwenye kamera ya APS-C, yenye kihisi (sehemu inayopokea picha) cha ukubwa wa kati. Tundu la lenzi naweka f/8, kasi ya kupiga isishuke chini ya 1/250 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) inajipanga yenyewe. Fokasi, yaani umbali ambapo picha inakuwa kali, naifunga kwenye mita 3. Hapo kila kilicho kati ya mita 2 na karibu 5 kinakuwa kikali, sihitaji kusubiri kamera itafute.

Uso mweusi mbele ya anga jeupe, kamera itautia giza. Ongeza mwanga hatua 1 kwenye kitufe cha +/-. Mtu wa kanzu nyeupe ndani ya kivuli, ongeza theluthi mbili ya hatua. Kwenye simu, gusa uso, kisha buruta alama ya jua kwenda juu.

Kuhusu ruhusa, naamini hivi: mtu akiwa mdogo ndani ya picha ya mtaa mzima, napiga. Uso wake ukiwa ndio picha, naomba. "Shikamoo mama, naomba nikupige picha hapa unapokaanga maandazi." Akikataa, nashukuru na kuteremsha kamera. Watoto, uliza mzazi. Askari, kambi za jeshi na ofisi zenye walinzi, achana nazo.

Hatua ya 4: Usikimbie mchana

Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linakaa utosini kabisa. Nyuso zinaharibika, macho yanakuwa mashimo. Basi acha nyuso, piga vivuli: mwavuli na duara lake chini, bajaji ikiingia penye giza la turubai. Jaribu ISO 200, f/8, 1/800. Penye jua patatoka sawasawa, kivuli kitakuwa cheusi tii.

Vumbi

Mwezi Agosti mmoja nilibadilisha lenzi kando ya barabara, upepo unavuma. Wiki mbili za picha zilikuwa na madoa yaleyale angani, kwa sababu vumbi lilikuwa limeganda kwenye kihisi. Tangu siku hiyo natoka na lenzi moja tu. Kioo cha lenzi napuliza kwanza kwa kipulizio, ndipo napangusa. Ukianza kupangusa, mchanga unakwaruza.

Hatua ya 5: Chagua chache, chapisha, rudisha

Katika picha za asubuhi moja nabakiza tano. Ya mtu aliyeniruhusu naipeleka studio, naichapisha, na Jumamosi inayofuata nampelekea mkononi. Mama wa maandazi ameibandika yake juu ya meza. Sasa wateja wake ndio wanaoniuliza zamu yao lini.